Miaka 100 ya Route 66 na Marekani inayopitwa kila siku

Tarehe 11 Novemba 2026 barabara ya Route 66 inatimiza miaka 100 tangu iingizwe rasmi kwenye orodha ya barabara kuu za Marekani. Ni njia ya kilomita zipatazo 3,900, kutoka Chicago hadi Santa Monica kwenye Bahari ya Pasifiki, ikikatiza majimbo manane. Maadhimisho yake yamemwaga picha kila mahali, na ukizikagua utaona zinakwenda makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mapambo: taa za neoni za moteli ya Blue Swallow kule Tucumcari, Chevrolet za miaka ya 1950 zilizong'arishwa, vijana wanaonyunyizia rangi magari kumi yaliyozikwa kichwa chini pale Cadillac Ranch, nje ya Amarillo. Kundi la pili ni la magofu: sheli zilizoota magugu, mabango yaliyolika kutu, kijiji cha Glenrio kilichobaki mahame mpakani mwa Texas na New Mexico. Wanaopenda kundi la kwanza wanaona enzi ya raha iliyopotea. Wanaopenda la pili wanaona Marekani iliyoficha umaskini wake na sasa imeumbuliwa. Hata sisi wasomaji wa Kiswahili tunazipokea picha za magofu kwa mshangao uleule kila mara: kumbe na kwao yapo haya.

Naona pande zote mbili zimeisoma vibaya kazi ya upigaji picha wa barabarani, na kosa lenyewe ni moja. Zote zinaamini kwamba upande wa maisha ya Wamarekani usiotazamwa umefichwa mahali fulani, na kwamba kazi ya mpigapicha ni kuufukua. Haujafichwa. Uko mchana kweupe kando ya lami, na hautazamwi kwa sababu barabara na biashara zimepangwa ili watu wapite bila kusimama. Picha ya barabarani inapata thamani pale mpigapicha aliposimama mahali ambapo wengine hawakuona sababu ya kusimama, akakaa vya kutosha kujua alichokiona, kisha akatuambia.

Chukua Amarillo, mji wa Texas ambao Route 66 iliupitia katikati. Mtalii wa leo anapiga picha Cadillac Ranch, iliyojengwa mwaka 1974, anakula nyama, anaondoka. Mkoa huo ni kitovu cha ufugaji na uchinjaji wa ng'ombe. Kaskazini mashariki mwa mji kuna Pantex, kiwanda ambamo Marekani huunganisha na kufungua silaha zake za nyuklia. Na kwa miaka mingi mji huo umepokea wakimbizi kutoka Myanmar, Iraki, Somalia na Kongo, ambao wengi wao walipata kazi kwenye viwanda vya nyama, wakikata na kufungasha nyama ambayo nchi nzima inaila. Wamo miongoni mwao wasemaji wa Kiswahili. Hakuna siri yoyote hapo; zamu zao zinaanza na kwisha kwa saa zinazojulikana na magari yao yameegeshwa wazi. Lakini nenda kwenye albamu za maadhimisho uwatafute. Mpigapicha kijana kutoka New York, Stephen Shore, alilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1971 alichapisha kadi za posta kumi zenye picha za Amarillo: mtaa wa Polk, hospitali, mkahawa wa nyama choma. Hakuandika jina la mji mahali popote. Kisha akawa anasafiri na kuzichomeka kimyakimya kwenye rafu za kadi madukani katika miji mingine. Zilikaa humo bila kushtua, kwa sababu mtaa mkuu wa mji mmoja wa Marekani ungeweza kuwa wa mji mwingine wowote. Alipiga kile ambacho hakuna mtu angemtumia mama yake kwa posta, na hicho ndicho watu walichoishi nacho kila siku.

Namna sehemu hizi zilivyoanza kupitwa ina tarehe na sheria. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za kitaifa, mtandao uliopangwa kufika maili 41,000, usio na makutano ya taa wala maduka kando yake. Faida zake ni za kweli: ajali za makutano zilipungua, mizigo ikasafiri haraka, mkulima akafika sokoni. Lakini kila kipande kipya kilipofunguliwa, mji uliokuwa njiani uliachwa pembeni kwa siku moja. Seligman, Arizona, ulipitwa tarehe 22 Septemba 1978. Kinyozi wa mji huo, Angel Delgadillo, alieleza kwa miaka mingi jinsi msururu wa magari ulivyokatika alasiri moja, na mwaka 1987 alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kuihifadhi barabara ya zamani katika jimbo lao. Williams, mji wa mwisho wa Route 66 kupitwa, ulifikiwa na zamu yake mwaka 1984, na mwaka uliofuata namba 66 ikafutwa rasmi. Mijini mambo yalikuwa mazito zaidi. Huko Tulsa, mtaa wa Greenwood, ambao ulichomwa moto na umati wa Wazungu mwaka 1921 na Weusi wakaujenga upya kwa mikono yao, ulikuja kukatwa katikati na barabara kuu ya I-244. Mpigapicha anayefika leo na kuona kiwanja kitupu chini ya daraja anaweza kuandika kwamba mtaa umechoka. Mtaa haukuchoka, ulivunjwa mara mbili.

Ndiyo maana picha za magofu zinanitia wasiwasi kuliko za neoni. Picha ya neoni mtazamaji anajua kuwa ni pambo. Gofu linajifanya ushahidi. Kilomita chache kutoka Route 66, kaskazini mashariki mwa Oklahoma, kulikuwa na mji wa Picher. Nyumba tupu na vilima vya kijivu vya mabaki ya mgodi vimepigwa picha mara zisizohesabika, na ukiziona peke yake utadhani watu walikosa kazi wakahama. Ukweli ni kwamba migodi ya madini ya risasi na zinki iliitia ardhi sumu, ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Waquapaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Vipimo vya miaka ya 1990 vilikuta watoto wengi wakiwa na risasi kupita kiasi katika damu, serikali ikawalipa wakazi waondoke, na mwaka 2009 mji ukaacha kufanya kazi kama manispaa. Ukitazama dirisha lililovunjika bila damu ya watoto, hujaitazama Picher.

Kazi hii ya picha ina mizizi serikalini. Mwaka 1935, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, ofisi ya serikali iliyokuja kuitwa Farm Security Administration ilimpa Roy Stryker jukumu la kutuma wapigapicha vijijini. Walizalisha hazina ambayo leo ipo Maktaba ya Bunge mjini Washington, negativu zipatazo 175,000 za rangi nyeusi na nyeupe, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuziona bure. Ilikuwa pia propaganda, lazima tuseme hivyo. Picha zilitakiwa ziuze sera za Rais Roosevelt kwa walipa kodi, na Stryker alikuwa na tabia ya kutoboa tundu kwenye negativu alizozikataa ili zisitumike kabisa. Ukipekua hazina hiyo utakutana na uso wa mkulima wenye duara jeusi lililoelea hewani. Mimi siwezi kuzitazama bila hasira.

Picha mashuhuri kuliko zote za ofisi hiyo inaeleza tatizo zima. Machi 1936 mpigapicha wake Dorothea Lange alikuwa akirudi nyumbani kwa gari, siku ya mvua, kazi ya mwezi mzima imekwisha. Karibu na Nipomo, California, aliona bango la kambi ya wachuma njegere, akapita. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliendesha maili 20 akibishana na nafsi yake, kisha akageuza gari. Alimkuta mama amekaa chini ya turubai na watoto wake, akapiga picha chache, na kwa kauli yake ileile hakukaa zaidi ya dakika kumi wala hakuuliza jina. Gazeti la San Francisco lilipochapisha habari hiyo, serikali ilipeleka kambini karibu tani tisa za chakula. Familia ile ilikuwa imeshaondoka. Jina la mama, Florence Owens Thompson, lilijulikana kwa umma mwaka 1978, baada ya miaka 42, na hapo ndipo watu walipojua kwamba alikuwa Mcherokee, mtu wa kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na kwamba alikuwa California tangu kabla ya mdororo, tofauti na hadithi ya mkimbizi wa dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 waliyokuwa wamembandika. Alilalamika kwamba uso wake ulizunguka dunia naye hakupata hata senti moja. Kugeuza gari baada ya maili 20 kulimpa Lange picha. Kukaa dakika kumi kulimnyima mama yule historia yake.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote zinazotolewa dhidi ya wapigapicha wa barabarani: wanakuja, wanachukua, wanaondoka, na gharama inabaki kwa aliyepigwa. Siipuuzi. Gordon Parks, mpigapicha Mweusi wa kwanza katika kundi la Stryker, alitumwa na jarida la Life kusini mwa nchi mwaka 1956 kuonyesha maisha ya familia moja kubwa ya Weusi wa Alabama chini ya sheria za ubaguzi. Alikaa nao, akapiga picha za rangi zenye utulivu na heshima: watoto kwenye uzio wa uwanja wa michezo wasioruhusiwa kuingia, bibi na mjukuu mbele ya dirisha la duka. Zilipochapishwa, mwalimu mmoja wa familia hiyo alipoteza kazi na nyumba yao ikaandamwa mpaka wakahama. Parks aliwajali, aliwajua kwa majina, na bado wakaumia. Kwa hiyo kukaa muda mrefu hakuondoi hatari. Ninachokiona ni kwamba kunabadilisha deni: Life ililazimika kuwasaidia kuhama kwa sababu walikuwa watu wenye majina na anwani, wakati mama wa Nipomo angeweza kusahaulika kwa miaka 42.

Lipo pia swali la nani aliyeruhusiwa kusimama. Hadithi ya kijana anayepakia kamera kwenye gari na kuzurura popote ni hadithi ya Mzungu. Kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mtu wa posta wa Harlem, alichapisha kitabu cha mwongozo kikiorodhesha moteli, sheli na mikahawa ambako msafiri Mweusi angehudumiwa, na kwa hesabu ya watafiti karibu nusu ya kaunti 89 za Route 66 zilikuwa na miji ambako Mweusi hakutakiwa kuonekana baada ya jua kutua. Mpigapicha na mwandishi Candacy Taylor amesafiri miaka mingi akitafuta majengo ya orodha hiyo, na mengi hayapo tena. Karibu na Luther, Oklahoma, kituo cha mafuta cha familia ya Threatt bado kimesimama, jengo dogo la mawe ambako msafiri Mweusi aliweza kujaza mafuta bila kutukanwa. Hakina neoni. Ningependa kitangulie moteli yoyote katika albamu ya miaka 100.

Hata Mzungu mgeni hakuwa salama kabisa. Mpigapicha Robert Frank, mzaliwa wa Zürich aliyehamia Marekani mwaka 1947, alipata ufadhili wa mfuko wa Guggenheim mwaka 1955 akazunguka nchi kwa Ford iliyotumika. Huko McGehee, Arkansas, polisi walimsimamisha kwa lafudhi yake, kamera zake na chupa ya pombe ya kigeni, wakamweka ndani kwa saa kadhaa wakimhoji kama ni mkomunisti. Mwezi huohuo wa Novemba, New Orleans, alipiga tramu: Wazungu madirisha ya mbele, Weusi ya nyuma, na mwanamume mmoja Mweusi akitutazama kwa uso ambao mtu hausahau. Wiki chache baadaye Rosa Parks, mwanamke Mweusi, alikataa kuinuka kumpisha Mzungu kwenye basi la Montgomery. Frank hakufichua lolote. Tramu hiyo ilipita kila siku mbele ya kila mtu.

Kati ya picha zaidi ya 27,000 Frank alibakiza 83, na nguvu ya kitabu chake, kilichotoka Paris mwaka 1958, iko katika mpangilio. Gari limefunikwa turubai kati ya miti ya jamii ya mnazi huko Long Beach. Ukifungua ukurasa, kando ya Route 66 kati ya Winslow na Flagstaff, watu wanne wamesimama kwenye baridi mbele ya maiti iliyofunikwa blanketi. Ukifungua tena, barabara tupu ya New Mexico inanyooka mpaka upeo wa macho. Gari linalotunzwa, gari linaloua, na njia inayoendelea. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu ingesema hivyo peke yake. Jarida la Popular Photography lilimshambulia kwa ukungu na upeo uliopinda, na mhakiki mmoja akamwita mtu asiye na furaha anayeichukia nchi iliyompokea. Wahakiki hao walikosea kuhusu chuki, ila walihisi jambo moja sawasawa: kitabu hakikuwa kinaipigia debe nchi.

Inakuja sasa hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika zaidi siku hizi. Inasema kazi hii imekwisha maana yake, kwa kuwa kila Mmarekani ana kamera mfukoni, na magari ya Google yamepiga picha barabara za nchi hiyo tangu mwaka 2007. Kama kila kitu kimepigwa, eti hakuna kilichobaki bila kutazamwa. Hoja hii inachanganya kupigwa picha na kutazamwa. Kamera ya Street View, yaani hiyo ya magari ya Google, haisimami kwa sababu ya jambo lolote; inapiga gofu na kasri kwa umakini uleule, inafuta nyuso, na haimuulizi mtu swali. Nayo mitandao inapanga picha kwa kile kinachovuta macho, yaani neoni na magofu, makundi yaleyale niliyoanza nayo. Wingi umeongeza kasi ya kupita. Shore alipoacha kamera ndogo na kuchukua ile kubwa ya filamu za inchi nane kwa kumi, inayokaa juu ya miguu mitatu, ilimlazimu kusimama kwenye njia panda ya kawaida na kuamua kila nguzo, kila kivuli, kila gari lililoegeshwa. Uamuzi huo ndio unaokosekana kwenye wingi wa leo.

Hata hivyo mahali na tarehe pekee havitoshi. Mpigapicha Joel Sternfeld alipiga picha huko McLean, Virginia, Desemba 1978: zimamoto anachagua boga kwenye genge la mkulima huku nyumba ikiungua nyuma yake. Watu waliisoma kama ushahidi wa taifa lililopoteza dhamiri. Nyumba ile ilichomwa kwa makusudi, katika mafunzo ya wazimamoto. Picha ni nzuri mno, na maelezo yake ya mahali na mwezi ni sahihi, na bado iliwapotosha maelfu. Kwa picha inayobeba hukumu juu ya watu, sentensi moja zaidi chini yake ni wajibu, na mhariri anayeiondoa ili picha ibaki na fumbo anawatoza watu wengine bei ya uzuri huo.

Haya yana uzito wa pekee kwetu kwa sababu wapigapicha wapya wa barabara za Marekani ni pamoja na ndugu zetu. Waafrika Mashariki wengi, Wakenya hasa, wameingia kwenye udereva wa malori huko, na wengi wanarekodi video na kuzungumza Kiswahili wakiwa nyuma ya usukani. Wanapita I-40, iliyochukua nafasi ya Route 66 kwa sehemu kubwa ya njia. Watazamaji nyumbani wanazipokea kama burudani au kama hesabu ya nani amefanikiwa. Mimi naona kitu ambacho Frank na Shore hawakuwa nacho. Hawa wana sababu ya kazi ya kusimama: mlango wa ghala saa tisa usiku wakisubiri kupakua kwa saa nyingi, foleni ya bafu kwenye kituo cha malori, uwanja wa kiwanda cha nyama ambako mlinzi na mpakiaji ni wahamiaji kama wao. Wanaijua Marekani ya upande wa nyuma wa maduka, inayofanya kazi wakati mteja amelala, na wanairudia kila wiki. Kasoro ni kwamba video hizo zinapotea. Hazina tarehe wala jina la mji, na simu ikibadilishwa au akaunti ikifungwa, zinakwenda nazo. Stryker aliwaagiza watu wake waandike maelezo ya kila picha, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kumtafuta mtu kwa jina la kaunti yake. Dereva anaweza kufanya vivyo hivyo kwa sauti, sekunde kumi kabla ya kuzima kamera: niko mji huu, tarehe hii, nimesubiri tangu saa fulani, ninapakua kitu hiki, na huyu niliyezungumza naye amekubali kuonekana. Vyuo vikuu vyetu vyenye idara za Kiswahili na historia, Nairobi na Dar es Salaam, vingeweza kuanza kuzikusanya sasa, kwa ridhaa ya wenyewe, kabla maadhimisho ya Route 66 hayajafungwa.